Nondo wa Bukini na misitu yake miwili

Jamaa yangu mmoja, baharia, alirudi kutoka Mahajanga, bandari ya Madagaska, na fremu ndogo ya kioo. Ndani yake kulikuwa na mdudu aliyetandazwa mabawa, upana wake kama kiganja changu, mweusi tii, na juu ya weusi ule michirizi ya kijani na buluu, na kwenye mabawa ya nyuma wekundu wa shaba unaoyeyukia kwenye dhahabu. Mama alivaa miwani, akaisogeza fremu dirishani, akauliza, "Mwanangu, huyu wamempaka rangi?"

"Hapana mama. Kaumbwa hivyo."

Hakuridhika mpaka nilipoinamisha fremu taratibu kwenye mwanga. Kijani kikageuka buluu, wekundu ukahamia kwenye njano, kisha vyote vikazimika, bawa likabaki jeusi. Rangi ya kupakwa haifanyi hivyo.

Ncha ya bawa moja ilikuwa imevunjika safarini na kulala chini ya kioo. Siku ya pili nilifungua fremu, nikaichukua ncha ile kwa kibanio, nikaidondoshea tone la spiriti. Kijani kikazama pale pale. Nikasubiri. Spiriti ilipokauka kijani kilirudi kama hakijaguswa. Hii ni kwa sababu bawa hilo halina rangi ya kijani hata chembe. Lina magamba madogo mno, ule unga unaobaki vidoleni ukimshika kipepeo, na ndani ya kila gamba kuna tabaka nyembamba zilizopangwa moja juu ya nyingine zikitenganishwa na hewa. Mwanga ukipita humo, sehemu moja yake inatiwa nguvu na nyingine inafutwa, na jicho linapokea kijani. Ukijaza nafasi ya hewa kwa spiriti, mpango unavurugika. Magamba yenyewe pia yamepinda kama vigae vya paa la zamani, kwa hiyo mwanga unaogonga kigae kimoja unarukia cha jirani kabla ya kumfikia mtazamaji, na rangi zinachanganyika njiani.

Nimeanza na bawa kwa sababu watu wengi wanaishia hapo. Katika Uingereza ya karne ya 19 mabawa yake yaliwekwa kwenye vito vya wanawake, na mpaka leo anauzwa ndani ya vioo kama huyu wangu. Lakini kisa cha mdudu huyu hakiko kwenye bawa. Kiko kwenye majani anayoyala akiwa kiwavi, na kwenye misitu miwili iliyo mbalimbali ambayo maisha yake yanaihitaji yote.

Ni nani huyu

Jina lake la kisayansi ni Chrysiridia rhipheus. Kwao ni Madagaska, kisiwa ambacho mabaharia wetu wa zamani walikiita Bukini, na hapatikani mahali pengine popote. Ni nondo. Najua neno hilo kwa wengi wetu linaleta kwanza chuma cha zege, na kwa wengine mdudu wa kijivu anayezunguka taa usiku au anayetoboa kanga sandukuni. Huyu hazunguki taa. Anaruka mchana kweupe, jua likiwa kali, juu ya vilele vya miti, na akitua usiku anasimamisha mabawa juu ya mgongo kama kipepeo. Mabawa yake yakiwa wazi yana upana wa sentimita 7 hadi 9, na wakubwa hufikia 11. Nyuma ana vimkia kadhaa vyenye ukingo mweupe, vyepesi kukatika, ndiyo maana wengi wanaokamatwa wanaonekana wamepungukiwa.

Aliyemwandika kwanza kitaalamu alimdhania kipepeo pia. Mwingereza Dru Drury alimpa jina mwaka 1773 akamweka kwenye kundi la Papilio, na nondo aliyemtumia alielezwa kuwa katoka Bengal au China. Ilichukua miaka kabla ya wataalamu kumrudisha nyumbani kwake kwenye vitabu. Mjerumani Jacob Hübner, mtaalamu wa wadudu, ndiye aliyemwundia jenasi (kundi la aina zilizo ndugu wa karibu) ya Chrysiridia, mwanzoni mwa miaka ya 1820.

Wamalagasi hawakuwa na mkanganyiko huo wa anakotoka. Wanamwita andriandolo, au lolonandriana. Andriana ni mtukufu, mtu wa ukoo wa kifalme. Lolo ni kipepeo, na neno hilohilo ni roho ya marehemu. Kumpiga mdudu wa namna hii ni kuwapiga wazee waliotangulia. Naliona jina hilo kuwa sahihi kuliko la kisayansi, maana linambeba pamoja na uzito wake kwa watu wanaoishi naye.

Mmea mmoja

Kiini cha kisa kinaanzia hapa. Kiwavi wa nondo huyu anakula mimea ya jenasi moja tu, Omphalea. Si mwembe, si mbuyu, si majani yoyote ya karibu. Omphalea ni jamii moja na muhogo na mbono, na kama ndugu zake hao, ukiukata unatoa utomvu. Shina la jani lake lina vitezi viwili pale linapokutana na bapa la jani, alama nzuri kwa anayeutafuta.

Nondo jike anataga mayai kama 80 chini ya majani. Kiwavi akianguliwa hali jani ovyo. Anakula nyama ya jani iliyo kati ya mishipa na kuiacha mishipa yenyewe, kwa sababu utomvu unapita humo, na utomvu ule kwa kinywa kichanga ni hatari. Jani linabaki kama wavu. Akikomaa anafuta woga: anakula majani, maua, matunda, vikonyo, hata machipukizi. Ni mweupe wa njano mwenye madoa meusi na miguu myekundu, na mwilini ana vinywele vyeusi vilivyovimba nchani kama njiti ya kiberiti. Majani ya Omphalea yanateleza, kwa hiyo kiwavi anatoa uzi wa hariri mdomoni, anaushikilia anapotembea, na akiponyoka anaupanda uzi huo kurudi alikokuwa. Baadaye anajifuma kifukofuko chenye matundu kama wavu, anakaa humo siku 17 hadi 23, anatoka akiwa na mabawa.

Sasa kwa nini mmea huu tu? Omphalea ina sumu za aina ya alkaloidi zinazofanana sana na sukari kwa umbo. Mdudu akizila, vimeng'enya vyake vinavyovunja sukari vinazipokea kwa kudhani ni sukari, vinakwama, na chakula hakisagiki. Wadudu wengi wanauacha mmea huo. Viwavi wa kundi hili la nondo wameuzoea, na zaidi ya kuuzoea, wanaiweka sumu hiyo mwilini na kupita nayo mpaka wanapoota mabawa. Ndege akimwonja mmoja anajuta.

Kwa maoni yangu hapo ndipo unapoelewa kwa nini nondo huyu anaruka mchana na kwa nini ana rangi zile. Nondo wengi wanakimbilia giza kwa sababu mchana kuna ndege. Aliyebeba sumu hana haja ya kujificha. Haja yake ni kutambuliwa mapema, kabla ya mdomo wa ndege kumgusa, na kwa kazi hiyo hakuna kitu kama rangi inayowaka juani. Mmea umempa chakula, ukampa silaha, ukampa na ruhusa ya kuonekana. Kwa hiyo ukimwondolea mmea huo hujamwondolea shibe peke yake.

Mmea unapokasirika

Uhusiano huo una upande wa pili. Mmea nao unajilinda. Omphalea ikiliwa mfululizo na vizazi kadhaa vya viwavi inazidisha sumu yake mpaka hata viwavi walioizoea hawaiwezi. Neal Smith, aliyefanya kazi kwa miaka mingi Panama kwenye Taasisi ya Smithsonian ya Utafiti wa Kitropiki, alilifuatilia jambo hili kwa nondo wa huko, Urania fulgens, binamu wa huyu wa Bukini anayekula Omphalea vilevile. Nondo hao wanaongezeka, mimea inachachamaa, kisha siku moja wanaondoka kwa makundi makubwa, wakiruka mchana kuelekea mahali penye mimea ambayo haijaguswa kwa muda. Mwaka 1991 Smith na David Lees walichapisha kazi iliyokusanya habari za mimea inayoliwa na kundi hili lote, na Madagaska ikawa sehemu muhimu ya picha hiyo.

Kwa nondo wetu hali ni ngumu zaidi, kwa sababu mbali na hasira ya mmea kuna majira ya mwaka.

Madagaska ina aina nne za Omphalea zinazompa chakula. Tatu ziko upande wa magharibi na kaskazini, kwenye misitu mikavu. Omphalea ankaranensis iko kwenye miamba ya chokaa ya kaskazini, ile miamba iliyochongoka kama visu ambayo wenyeji wanaiita tsingy. Omphalea occidentalis na Omphalea palmata ziko magharibi. Kiangazi kikishika, kuanzia Mei hivi mpaka mvua zirudi mwishoni mwa mwaka, misitu hiyo inapukutisha majani. Kiwavi atakula nini msituni ambamo mti umebaki fimbo?

Aina ya nne, Omphalea oppositifolia, iko upande wa mashariki, kwenye msitu wa mvua, na haipukutishi. Wakati magharibi kumekauka, mashariki kuna kijani.

Basi nondo wanahama. Wanatoka magharibi kwenda mashariki kiangazi, na mvua zikirudi wanafuata majani mapya ya magharibi. Wanazaliana mwaka mzima, lakini idadi yao inapanda na kushuka: wengi zaidi ni Machi mpaka Agosti, wachache zaidi ni Oktoba mpaka Desemba, miezi ambayo kiangazi kimekwisha kamua kila kitu na majani ya mvua bado hayajatosha. Kati ya misitu hiyo miwili kuna nyanda za juu, nyasi na mashamba, baridi, na mji wa Antananarivo ulio zaidi ya mita 1,200 juu ya bahari. Kisiwa kinakaribia kilomita 570 kwa upana wake mkubwa. Mdudu asiyefikia uzito wa ua la muwaridi anaivuka nchi hiyo.

Njiani anakula mbochi, hasa wa maua meupe na ya njano: mikaratusi, miembe, hata chai. Mikaratusi ya nyanda za juu ilipandwa kwa kuni na makaa, hakuna aliyemfikiria nondo, na bado imekuwa kituo chake cha kupumzikia. Nalitaja hili kwa sababu ni rahisi kuigawa nchi mara mbili, msitu huku na uharibifu kule. Kwa msafiri huyu shamba la mikaratusi si kitu cha kudharau. Lakini mikaratusi inamshibisha mkubwa tu. Kiwavi hawezi kuila.

Tatizo liko wapi

Nikiulizwa makazi ya nondo huyu ni yapi, siwezi kujibu "msitu wa mvua" wala "msitu mkavu." Ukichora duara kwenye ramani kuzunguka msitu mmoja mzuri, ukaweka lango na walinzi, ukautunza miaka 50, unaweza bado kumpoteza. Mwaka ambao mimea ya ndani ya duara imechachamaa, au mvua zimechelewa, lazima pawe na duara lingine lenye Omphalea iliyopumzika, na lisiwe mbali kuliko anavyoweza kuruka. Anaishi kwenye zamu. Sehemu inayoonekana tupu mwaka huu, isiyo na hata kiwavi mmoja, ndiyo akiba yake ya mwaka kesho. Mtafiti akifika humo wakati huo ataandika kwamba nondo hayupo, na mwenye shoka akisoma hivyo ataona hana cha kuharibu.

Kati ya mwaka 1953 na 2014 Madagaska ilipoteza asilimia 44 ya misitu yake ya asili, na sehemu kubwa ya iliyobaki imekatikakatika kuwa vipande. Sababu zake ni zilezile tunazozijua huku: kilimo cha kufyeka na kuchoma, ambacho huko wanakiita tavy, makaa, mbao. Mkulima anayechoma msitu kupata mpunga wa watoto wake sina la kumlaumu. Ninachosema ni kwamba hesabu ya eka haitoshi kumpima nondo huyu. Bado anaonekana sehemu nyingi za kisiwa, na mtu anaweza kujifariji kwa hilo. Kinachonitia hofu ni kwamba mdudu anayeishi kwa zamu hafi pole pole kwa uwiano na msitu unavyopungua. Vipande vinapungua, vinapungua, naye yupo, kisha inafika siku vilivyobaki vyote vimechachamaa kwa wakati mmoja na hakuna pa kwenda.

Hilo si la kufikirika. Jamaica kulikuwa na binamu yake, Urania sloanus, mweusi mwenye kijani, buluu na wekundu wa shaba, aliyeruka mchana vilevile. Mara ya mwisho kuonekana kwa uhakika ilikuwa miaka ya 1890, mwaka 1894 au 1895. Misitu ya nyanda za chini ya kisiwa hicho ilikuwa imefyekwa kwa ajili ya mashamba. Hakuna anayeweza kuthibitisha mahakamani kwamba hiyo ndiyo iliyomuua. Lakini tazama jambo hili moja: mmea haukuisha. Omphalea triandra bado iko Jamaica mpaka leo, watu wanazijua mbegu zake. Nondo ameondoka, chakula chake kimebaki. Kwangu huo ni ushahidi mzito kwamba kuwapo kwa mmea hakutoshi. Inabidi iwepo mimea ya kutosha, sehemu za kutosha, ili mmoja ukifunga mlango mwingine uwe wazi.

Upande wetu wa bahari

Ningeweza kuishia Bukini, ila jenasi ya Chrysiridia ina aina mbili tu duniani, na ya pili iko kwetu. Ni Chrysiridia croesus. Mjerumani Carl Gerstaecker alimwandika mwaka 1871 katika kazi yake juu ya wadudu wa Zanzibar. Anapatikana Tanzania, Kenya, Msumbiji, Malawi na Zimbabwe. Ni mweusi mwenye kung'aa kijani na dhahabu, naye anaruka mchana. Niliposoma habari zake mara ya kwanza nilikuwa mtu mzima, na nilikuwa nimekwisha kujifunza shuleni majina ya wadudu wa nchi nisizowahi kukanyaga.

Mwenzake wa Bukini ana aina nne za Omphalea za kuchagua. Huyu wetu, katika bara zima la Afrika, ana moja: Omphalea mansfeldiana, mmea wa misitu ya pwani ya Afrika Mashariki. Na misitu yetu ya pwani kila mtu anajua ilivyo. Ni vipande vidogo vilivyozungukwa na mashamba, mikorosho na vijiji, vingine unavivuka kwa miguu kabla ya adhuhuri. Kama uchambuzi wa Bukini na Jamaica ni sahihi, basi aina moja ya mmea katika vipande vilivyotawanyika ni hali ya hatari kuliko ile ya kisiwani, na kipande kisicho na nondo mwaka huu hakiruhusu mtu kusema hakina kazi.

Jambo la kuanza nalo halihitaji fedha nyingi. Wapo wazee wanaoingia misituni kukata kamba na dawa, wanaoujua kila mmea unaoparamia miti kwa jina la kijiji chao. Hao ndio wa kuulizwa kwanza: uko wapi ule wenye utomvu, wenye vitezi viwili kwenye kikonyo, na jina lake kwenu ni lipi. Kisha macho. Ukimwona nondo mweusi wa kijani anapita juu ya miembe saa nne asubuhi, tazama saa, hesabu wangapi wanapita kwa dakika kumi, angalia wanaelekea upande gani, andika na tarehe. Mmoja anaweza kuwa amepotea njia. Thelathini wanaoelekea upande mmoja wametoka kwenye kipande fulani cha msitu na wanakwenda kwenye kingine, na hapo tutakuwa na pa kuanzia kuchora ramani.

Fremu bado iko kwa mama. Ameihamisha kutoka dirishani ili jua lisiichome, ameitundika ukuta wa ndani karibu na saa, na mgeni akiingia anamwambia aishushe, aiinamishe mwenyewe.